Mbunge aliyepanda treni kwenda Butte

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa wanawake wa tarehe 8 mwezi wa 3 ulinifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Mliweka picha ya Jeannette Rankin, Mmarekani, mwanamke wa kwanza kuingia katika Bunge la nchi yake, na chini ya picha mkaandika mistari minne: alizaliwa Montana, alichaguliwa mwaka 1916, alikataa vita mara mbili, akafariki mwaka 1973. Yote ni kweli. Lakini msomaji wa Lubumbashi akipewa habari za mama huyu bila shaba, amepunjwa. Na shaba hamkuitaja hata mara moja.

Nijieleze, ili wasomaji wajue ni nani anayesema. Tangu ujana wangu hadi pansheni nilifanya kazi katika lampisteri ya shimo moja la chini ya ardhi hapa Katanga. Kwa vijana wasiojua, lampisteri ni chumba kilicho karibu na mdomo wa shimo, ambamo taa za kofia hutunzwa na kutiwa umeme usiku na mchana. Mfanyakazi anafika na jetoni yake, kipande cha chuma chenye namba. Ananipa, naitundika kwenye msumari wake ubaoni, nampa taa yenye namba ileile. Akipanda, taa inarudi kwangu na jetoni inarudi kwake. Posti, yaani zamu ya kazi, ikiisha sihitaji kumuuliza mtu, naangalia ubao tu. Msumari uliobaki na jetoni ni mtu ambaye bado yuko chini. Wahandisi walikuwa na ramani zao na makapita, wasimamizi wa kazi, walikuwa na daftari zao, lakini hesabu ya kweli ya watu walio shimoni ilikuwa ubaoni kwangu. Daftari la kapita linaweza kusahau mtu. Taa isiyorudi haisahauliki.

Habari za Rankin nilizipata kwa mmisionari mmoja wa Kimetodisti aliyekuwa akitufundisha Kiingereza jioni. Alikuwa mzaliwa wa Montana. Alipojua kwamba mimi ni mtu wa taa, akaacha somo la sarufi akaanza kunisimulia habari za Butte, mji wa shaba wa kwao, na baadaye akaniletea vitabu. Nilivisoma polepole, kamusi mkononi. Tangu hapo nikisikia mtu anamsifu mbunge yeyote, wa kwetu au wa ugenini, nampima kwa Butte.

Maisha yake ya mwanzo nitayapitia haraka. Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa 6 mwaka 1880, karibu na mji wa Missoula, wakati Montana haijawa hata jimbo kamili. Baba yake alikuwa mfugaji na mjenzi aliyetoka Kanada, mama yake alikuwa mwalimu, na yeye alikuwa mtoto wa kwanza. Sisi tunajua maana ya kuwa binti wa kwanza: ni mama wa pili nyumbani. Wanasimulia kwamba baba yake alikuwa na nyumba mjini ambayo wapangaji waliikwepa kwa sababu mbele yake hapakuwa na njia ya kukanyaga, ni tope tu. Binti akatafuta mbao na misumari, akaitengeneza njia hiyo kwa mikono yake. Alimaliza chuo kikuu cha Montana mwaka 1902, somo la biolojia. Akafundisha kidogo, akajifunza ushonaji, kisha akaenda New York kusomea kazi ya kuhudumia maskini. Kazi hiyo haikumkalisha. Aliona kwamba unaweza kumsaidia mtoto mmoja leo, na kesho sheria ileile mbaya ikakuletea wengine kumi. Akaingia katika harakati za kuwatafutia wanawake haki ya kupiga kura.

Mwezi wa 2 mwaka 1911 alisimama mbele ya Bunge la jimbo la Montana na kuwaeleza wabunge, wote wanaume, kwa nini mama zao na dada zao wanastahili kura. Walimpokea kwa maua na tabasamu, na kura hawakuitoa. Akarudi barabarani. Montana ni kubwa na watu wake wametawanyika, shamba hapa, mgodi kule, kituo cha treni katikati ya theluji. Mwaka 1914 wanaume wa Montana wakawapa wanawake kura. Miaka miwili baadaye, kwa fedha na mipango ya ndugu yake Wellington, aliyekuwa mwanasheria, akagombea kiti cha Baraza la Wawakilishi kwa chama cha Republican. Wakati huo Montana ilikuwa na viti viwili na jimbo zima lilikuwa eneo moja la uchaguzi, kwa hiyo kura ya mchimbaji wa Butte na kura ya mfugaji wa mpakani ziliingia katika sanduku moja. Shikeni jambo hilo, nitalirudia. Magazeti yalitangaza kwanza kwamba ameshindwa. Kura za vijijini zilipokwisha kuhesabiwa, siku kadhaa baadaye, ikaonekana ameshinda. Wanawake wa sehemu nyingine nyingi za Marekani walikuwa hawajapata hata haki ya kumchagua mtu.

Sasa kura ya vita, ile mliyoiandika. Aliapishwa tarehe 2 mwezi wa 4 mwaka 1917, na jioni ya siku hiyohiyo Rais Wilson akaja kuomba vita dhidi ya Ujerumani. Baada ya mjadala mrefu, usiku wa kuamkia tarehe 6, majina yakaitwa. Jina lake lilipoitwa mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili akasimama, akasema anataka kuwa pamoja na nchi yake lakini hawezi kupigia kura vita. Waliokubali walikuwa 373, waliokataa 50. Hesabu wenyewe: wanaume 49 walikataa pamoja naye, lakini kesho yake magazeti yalikuwa na habari ya mtu mmoja tu, mwanamke aliyelia. Walipomuuliza mbunge Fiorello La Guardia wa New York kama kweli mama huyo alilia, alijibu kwamba hajui, maana macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa machozi.

Watu wengi humwacha hapo na kuruka mpaka mwaka 1941. Mimi nakaa mwaka 1917, kwa sababu miezi miwili baada ya kura ile Butte iliwaka.

Butte ni mlima wa shaba. Wenyeji waliuita kilima chenye utajiri kuliko vyote duniani, na chini yake palichimbwa njia nyingi mno, za kampuni mbalimbali, zikikutana gizani. Kampuni kubwa ilikuwa Anaconda. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya shaba, maana risasi, makombora na nyaya za simu vyote vinaitaka, na mashimo yalifanya kazi bila kupumzika. Na sisi tulikuwemo katika biashara hiyohiyo, Bwana Mhariri. Tanuri la Lubumbashi liliyeyusha shaba ya kwanza mwaka 1911, na shaba ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga, iliingia katika vita vile vya wazungu kama ya Butte.

Usiku wa tarehe 8 mwezi wa 6 mwaka 1917, katika shimo la Granite Mountain, ambalo lilikuwa la kampuni ya North Butte na liliungana na shimo la Speculator, mafundi walikuwa wakiteremsha kebo ya umeme, nene, ya tani kadhaa. Walikuwa wanaiteremsha kwa ajili ya usalama, ili kukamilisha mpango wa kuzima moto shimoni. Kebo ikawaponyoka, ikaporomoka, ikajikunja chini, na ganda lake la madini ya risasi likachubuka. Ndani ya ganda kulikuwa na kitambaa kilicholoweshwa mafuta. Kapita mmoja akashuka kuikagua. Kofiani alikuwa na taa ya kabidi.

Hapa niruhusuni nieleze kitu cha kazi yangu. Taa ya kabidi ina vyumba viwili vidogo: juu maji, chini mawe ya kabidi. Maji yanadondoka tone kwa tone, mawe yanatoa gesi, gesi inatoka kwenye tundu mbele ya kofia, unaiwasha. Ni taa nzuri, inaangaza kuliko mshumaa, lakini ni mwali wazi mbele ya paji la uso. Sisi tuliopokea taa za betri hatukujua woga huo, lakini wazee waliotutangulia walitusimulia. Mtu anayeinama kuangalia kitu hukigusa kwa moto kabla hajakigusa kwa mkono. Kapita yule aliinama. Kitambaa kikashika, na shimo ambalo lilipeleka hewa kwa watu likawa dohani.

Chini kulikuwa na watu zaidi ya 400. Waliouawa na moto wenyewe walikuwa wachache, wengi waliuawa na moshi na gesi. Wengine walikimbilia njia za kuingia katika migodi ya jirani wakakuta ukuta wa zege. Sheria ya Montana ilitaka kuta za namna hiyo ziwe na milango ya chuma inayofunguka. Hazikuwa nayo. Waokoaji walikuta maiti zimelundikana mbele ya kuta. Kijana mmoja, Manus Duggan, aliwakusanya wenzake wakajizibia katika njia moja kwa mbao, udongo na nguo zao wenyewe, wakakaa humo zaidi ya siku nzima wakivuta hewa iliyobaki. Walikuwa 29, na 25 wakatoka wazima. Duggan mwenyewe hakutoka. Alimwachia mke wake barua, na mke alikuwa na mimba. Jumla ya waliokufa ni 168. Marekani haijaona tena ajali kubwa kuliko hiyo katika migodi ya madini ya chuma na shaba.

Siku chache baadaye wachimbaji wakaweka vifaa chini, na mgomo ukaenea mlima mzima, hata katika mashimo ya Anaconda. Walitaka mshahara upande, kweli, lakini sikilizeni madai mengine: sheria za usalama zifuatwe, na karata ya kazi ifutwe. Karata hiyo Anaconda iliianzisha mwaka 1912. Huwezi kuomba kazi katika shimo lolote la kampuni bila kwanza kwenda ofisini, kuandikwa jina, umetoka wapi, ulifanya kazi kwa nani, kisha kungoja wakuchunguze. Ukiwa mtu wa sindika, yaani chama cha wafanyakazi, au umeonekana ukizungumza na mtu wa sindika, karata haitoki. Hakuna atakayekwambia umefukuzwa. Utaendelea kungoja mpaka uhame mji. Wafanyakazi wa rika langu hapa Lubumbashi watanielewa bila maelezo zaidi.

Wachimbaji walimwandikia mbunge wao. Na mbunge wao alikuwa Jeannette Rankin.

Alianza kama wabunge wote wanavyoanza, kwa barua na milango ya ofisi. Alitaka John Ryan, mkubwa wa Anaconda, akubali kuzungumza na wafanyakazi, na akaiomba serikali ya Wilson iingilie kati. Milango haikufunguka. Tarehe 1 mwezi wa 8, usiku, watu waliojifunika nyuso walimtoa kitandani Frank Little, mwanasindika aliyekuwa amekuja Butte akitembea kwa magongo, wakamnyonga kwenye daraja la reli. Mpaka leo hakuna aliyeshtakiwa. Tarehe 7 Rankin akasimama Bungeni Washington, akaeleza habari za moto, kuta zisizo na milango, karata na kamba ya Frank Little, na akaleta azimio la kumruhusu Rais kuichukua migodi ile mikononi mwa serikali. Mbunge wa kwanza mwanamke, katika mwaka wake wa kwanza, wakati wa vita, anaitaja kwa jina kampuni inayotawala jimbo lake! Aliwaambia waandishi wa habari kwamba anajua fika Anaconda watamfanyia nini: walewale waliomponda kila mtu aliyewapinga watamponda na yeye, kwa kuwa jimbo ni lao, serikali ni yao, na magazeti ni yao. La magazeti halikuwa neno la hasira. Kampuni ile ilikuwa na mkono katika magazeti mengi ya Montana, na iliyashikilia waziwazi mpaka ilipoyauza mwaka 1959.

Kisha akapanda treni. Washington hadi Butte ni safari ya siku nyingi, kupita nusu ya bara. Wachimbaji walitaka kumpokea stesheni kwa maandamano, polisi wakayazuia. Tarehe 18 mwezi wa 8 alihutubia maelfu ya watu katika bustani iitwayo Columbia Gardens. Hakuwachochea wavunje kitu. Alilaani mauaji ya Little, akasema karata ifutwe, akawaomba wasimamie haki yao kwa utulivu.

Na matokeo? Hapa ndipo wale wanaopenda hadithi tamu watanichukia. Azimio lake lilikufa bila kupigiwa kura. Serikali ikapeleka wanajeshi Butte, wakakaa huko mpaka mwaka 1921. Kabla mwaka 1917 haujaisha mgomo ulikuwa umevunjika. Halafu likaja lile la sanduku moja nililowaambia mlishike. Bunge la Montana lilikuwa limelikata jimbo zima kuwa maeneo mawili ya uchaguzi, na Rankin akajikuta katika eneo la magharibi, ngome ya chama cha Democrat, wapinzani wa chama chake. Alipoona kiti chake kimechukuliwa kwa kalamu, aligombea Seneti mwaka 1918, akashindwa ndani ya chama chake. Akajaribu tena kwa chama kidogo, akawa wa tatu. Sisi hapa tuliozoea kuona ramani za uchaguzi na majimbo yakikatwa upya hatuhitaji kufundishwa namna hiyo ya kumwondoa mtu bila kumgusa.

Nasikia msomaji akiuliza: basi alifanya nini, ikiwa yote yalikwama? Mengine hayakukwama. Wanawake waliokuwa wakichapa noti na stempu katika kiwanda cha serikali Washington walilazimishwa kufanya kazi saa nyingi kwa kisingizio cha vita. Wakamletea malalamiko, akaenda kuchunguza, na utaratibu wa saa 8 kwa siku ukarudishwa. Tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 1918 ndiye aliyefungua mjadala Bungeni wa kura ya wanawake kwa nchi nzima. Aliwauliza wenzake watawaelezaje raia maana ya demokrasia, ikiwa Bunge lilelile lililokwenda vitani kwa jina la demokrasia linawanyima wanawake wa nyumbani. Hoja ilipita kwa 274 dhidi ya 136. Seneti ikachelewesha, na haki yenyewe ikaingia katika katiba mwaka 1920. Mama zetu wa Kongo waliipata mwaka 1967. Na mswada wake wa kuwahudumia akina mama wajawazito na watoto wachanga ndio uliozaa sheria ya mwaka 1921, yeye akiwa ameshatoka Bungeni.

Lakini ningemheshimu hata bila hayo yote, kwa sababu ya treni tu. Na sisemi kwamba alikuwa malaika. Mwezi wa 12 mwaka 1917 ulipoletwa mswada wa vita dhidi ya Austria-Hungaria alipiga kura ya ndiyo, akisema vita tayari vipo na hiyo ni karatasi tu. Mimi sipendi. Mtu aliyesimama usiku ule wa mwezi wa 4 angeweza kusimama tena.

Sasa mwaka 1941. Alichaguliwa tena mwaka 1940, akiwa na miaka 60. Tarehe 7 mwezi wa 12 Japani ikapiga Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani. Kesho yake Bunge likapiga kura: 388 kwa moja. Moja ni yeye. Alisema kwamba yeye kama mwanamke hawezi kwenda vitani, na anakataa kumpeleka mtu mwingine. Watu walimzomea mpaka akajifungia katika kibanda cha simu kungoja polisi wamtoe. Hata Wellington, ndugu yake aliyemtengenezea kampeni ya kwanza, alimpelekea ujumbe kwamba Montana yote iko kinyume chake. Hakugombea tena. Niseme wazi: mimi, mwana wa nchi ambayo mashariki yake inaungua, ambayo Goma na Bukavu zilitekwa mwaka 2025 mbele ya macho ya dunia, ningepiga kura ya ndiyo siku ile. Aliyevamiwa ana haki ya kujitetea. Nasema hivyo na bado namwamkia kwa heshima, kwa kuwa hakungoja kuona wengine wameinua mkono upi.

Ila kalenda ina jambo ambalo kila mtu wa Lubumbashi angepaswa kulijua. Kura ile ilikuwa tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka 1941. Tarehe 9, siku moja baadaye, hapa kwetu, mji ukiitwa bado Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa katika mgomo walikusanyika katika uwanja wa mpira. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, kanga, chumvi, unga, na mshahara ulikuwa umesimama palepale, huku kampuni ikitakiwa kutoa shaba zaidi kwa ajili ya vita hivyohivyo. Walitaka nyongeza. Askari wa serikali ya kikoloni wakafyatua risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, aliuawa, na makumi ya wengine pamoja naye. Wazee walitusimulia jioni, kwa sauti ya chini, hata miaka mingi baada ya uhuru.

Watu wale wangemwandikia nani? Mpoyi hakuwa na mbunge. Kura ya kwanza katika mji huu, ya komini tu, yaani ya serikali za mitaa, ilipigwa mwaka 1957. Butte walikuwa na mtu mmoja huko Washington aliyeweza kusimama na kusema habari za wafu ziandikwe katika kumbukumbu za Bunge. Alishindwa, lakini zilisemwa. Kwetu ilibaki minong'ono.

Leo tunao wabunge, wa kitaifa na wa jimbo, na tunawaita Waheshimiwa. Wanajadili sheria ya madini, asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo, asilimia 15 kwa maeneo yanayochimbwa, na makubaliano ya kampuni na vijiji. Ni kazi, siidharau. Lakini mwezi wa 6 mwaka 2019 udongo uliporomoka karibu na Kolwezi, wachimbaji wa mkono zaidi ya 40 wakafa. Tangu hapo udongo umeendelea kuporomoka, mara watatu, mara kumi, na gazeti lenu linaandika mistari michache. Wachimbaji hao hawana lampisteri. Hawana ubao, hawana jetoni, wengine wanashuka na taa ya simu wameishika kwa meno. Shimo likifunga, hesabu ya waliokufa inatoka kwa mama aliyeona mtoto wake hajarudi kula. Mkubwa anatangaza kumi na moja, kijiji kinasema ishirini, na hakuna msumari wa kumaliza ubishi.

Hapo ndipo ningependa kumwona Mheshimiwa. Sitaki aje na jeneza na magunia ya unga siku ya nne, mbele ya kamera. Namtaka siku ya kwanza, aulize ni nani aliyeshuka, ni nani mwenye eneo, ni nani anayenunua mawe yale. Kisha aende akaitaje kampuni hiyo kwa jina ndani ya ukumbi, akijua kwamba wanaofadhili kampeni wanasikia. Simtaki mwanamke tu. Wanaume kwa wanawake. Ingawa nakiri kwamba wale waliocheka katika barua za wasomaji wiki iliyofuata ukurasa wenu wa wanawake, wakisema wanawake Bungeni ni maua ya meza, walinifanya nichukue kalamu haraka zaidi.

Bwana Mhariri, ombi langu ni hili. Kikao cha kawaida cha Bunge huanza tarehe 15 mwezi wa 3 na kufungwa tarehe 15 mwezi wa 6, kisha Waheshimiwa huja vakansi majimboni kwao. Wapelekeeni wabunge wote wa Katanga swali moja kwa maandishi: ajali ya mwisho ya shimo katika eneo lako ilitokea lini, na wewe ulifika siku ya ngapi? Majibu yachapeni jinsi yalivyo, jina kwa jina, na asiyejibu aandikwe kwamba hakujibu. Liko pia jambo ambalo mbunge wa jimbo anaweza kulianza bila kungoja Kinshasa: kila eneo lililoruhusiwa la wachimbaji wa mkono liwe na ubao na jetoni, na mtu mmoja wa kuulinda. Chuma chakavu kipo tele mjini hapa. Wastaafu wa kuwafundisha vijana kazi hiyo tupo, katika komini za Katuba, Kenya na Ruashi, na hatutadai mshahara wa mhandisi.

Najua barua yangu ni ndefu na ukurasa wenu ni mdogo. Mkitaka kuifupisha, anzeni na mambo ya ujana wake, kisha kateni hata kura ya 1941. Habari za Butte iacheni kama zilivyo.

Wenu,
Lampiste mstaafu,
Katuba, Lubumbashi